Kuteleza kwa Magurudumu Manne

Magwagwa, Nyamira
14 Aprili 2024

Mjomba Mose,

Bwakire, habari za asubuhi! Huku kwetu sote tuko wima. Mama anakusalimu, ila ameniagiza salamu zake nizikate nusu, kwa sababu simu yako haipatikani tangu mwaka jana na haamini kwamba Naivasha nzima imekosa fundi wa simu. Chai imeshangilia mvua. Migomba ya nyuma ya jiko imeangushwa na upepo, mama akaiombea Jumamosi ya Sabato kanisani kana kwamba ni wagonjwa. Mimi bado natibu ng'ombe wa watu, napigwa mateke, naitwa Daktari.

Kwa kuwa simu yako haipatikani, naandika kwa kalamu. Mabasi ya Nakuru husimama Masimba mbele ya duka la matairi la Gulled, rafiki yangu, naye ameahidi kumpa dereva bahasha hii mkononi.

Sasa sikiliza. Wiki jana nilikuwa nateremka kutoka kwa Mzee Ratemo, mvua imenyesha, barabara imekuwa uji. Unaikumbuka ile kona ya kituo cha kupimia majani ya chai? Kondoo akaruka barabarani. Nikagusa breki kidogo tu, mkia wa gari ukatoka. Mjomba, nilikuwa naenda mbele huku nikitazama mbele kupitia dirisha la pembeni! Niliona nyasi za Ratemo zikinijia mlangoni. Kwa hofu nikakanyaga mafuta badala ya breki. Gari likajikusanya, likanyooka, likaendelea na safari kama halikufanya lolote.

Nilisimama pale chini. Halafu, na hili usimwambie mama, nikacheka. Nikageuza gari nikarudi juu kuitazama ile kona.

Wewe ndiye unayefundisha watu kudrifti, kutelezesha gari upande makusudi. Nieleze kilichotokea, halafu unifundishe kukifanya kwa hiari yangu. Gari ni Subaru Forester ya zamani, automatiki, magurudumu yote manne yanasukuma.

Mpwa wako mwenye matope hadi masikioni,
Nyanchera


Naivasha
2 Mei 2024

Nyanchera mpwa wangu,

Barua yako ilifika ikinuka mpira wa tairi jipya, nikajua imetunzwa vizuri. Mimi mzima. Huku vumbi, upepo na jua. Mwambie mama yako, dada Gladys, simu niliipeleka kwa fundi, fundi akahama. Mwambie pia nakula vizuri, maana najua swali linalofuata.

Nimeisoma ile kona yako nikacheka peke yangu hadi wenzangu wakageuka. Lakini Subaru ya automatiki! Hilo ni gari la kupeleka akina mama kwaya, Nyanchera. Drifti ni kazi ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kule ndani kuna mgawanyo wa kazi: mbele wanaelekeza, nyuma wanasukuma. Unaingia kwenye kona, unawapa nyuma mafuta kuliko wanavyoweza kushika chini, wanaachia, mkia unatoka nje. Hapo hapo unageuza usukani kuufuata mkia. Ukizidisha mafuta, mkia unatoka zaidi. Ukipunguza, unarudi. Unaishikilia pembe hiyo ya kulala upande kwa mguu wa kulia kama mtu anayeimba noti moja bila kukata pumzi.

Na kabla ya hayo yote kuna teke la klachi. Mguu wa kushoto unashuka na kupanda mara moja, haraka, injini inapiga kelele, nguvu yote inarudi kwenye tairi za nyuma kwa kishindo. Sijui kitu kitamu kuliko hicho. Wewe huna klachi, pole.

Kama unataka kujaribu, tafuta uwanja mtupu, si barabara ya watu. Ingia kwenye kona, kanyaga mafuta, fuata mkia. Vaa mkanda. Usibebe mtu.

Wanafunzi wangu wananiita sasa.

Mjomba wako,
Mose


Magwagwa
26 Mei 2024

Mjomba,

Habari za huko? Hapa mama amechaguliwa tena kuongoza kwaya, akakataa mara mbili kwa heshima kisha akakubali kwa furaha. Binamu Jasper amepata kazi ya ualimu Nyanchwa, kule mlimani, sasa anatembea kama mlima wote ni wake. Mama anauliza huyo fundi wa simu alihamia wapi, amfuate.

Nilifanya ulivyosema. Na nimekula nyasi.

Nyuma ya Masimba kuna kiwanja cha murram, udongo mwekundu wa changarawe, kilichosawazishwa kwa ajili ya mnada wa ng'ombe ambao haujawahi kuanza. Gulled huenda huko Jumapili na gari lake la Mark II, ambalo linasukuma nyuma kama unavyopenda wewe. Alipanga tairi kuukuu tatu, akazizunguka kama anachora duara kwa bikari. Moshi, vumbi, watu wanapiga makofi. Mama yake, Dahabo, alikuwa amekaa kwenye kiti dukani akimtazama kwa mbali kama anayemhesabia makosa.

Kisha zamu yangu. Nikaingia kwenye kona, nikakanyaga mafuta nikisubiri mkia utoke. Mkia haukutoka. Gari lilinyoosha shingo likaenda moja kwa moja. Nikaongeza mafuta, likazidi kunyooka. Nikageuza usukani hadi mwisho, pua ikakataa kabisa. Nilisimama katikati ya nyasi za tembo za mtu, vioo vyote kijani.

Gulled akaja akikimbia, anashika mbavu. "Daktari," akasema, "umeenda kumtafutia nani chakula?"

Mjomba, somo lako na gari langu havijuani. Nisaidie.

Nyanchera


Naivasha
20 Juni 2024

Mpwa wangu,

Nashukuru umetoka salama kwenye nyasi. Mpongeze Jasper, mwambie mlima ule ulikuwapo kabla yake. Kwa dada Gladys sema nitanunua simu nyingine mwezi ukiisha.

Nyanchera, kosa ni langu. Nilikufundisha gari langu badala ya kukufundisha lako. Baada ya barua yako nilikaa kando ya uwanja siku kadhaa nikiyatazama magari ya mbio za vumbi yakifanya mazoezi. Magurudumu yake yote manne yanasukuma. Nilikuwa nayadharau, kusema kweli. Safari hii niliyatazama kama mtu mwenye swali.

Tofauti ni hii. Gari langu ukilikanyagia mafuta, nyuma inaachia na mkia unatoka. Lako ukilikanyagia mafuta, mbele nako kunavuta. Kwa hiyo mafuta hayaanzishi drifti kwenye gari lako, yanaiua. Mafuta ndiyo yanayokunyoosha. Ndiyo maana uliokoka ile siku ya kondoo, na ndiyo maana umekula nyasi siku ya Gulled. Kitendo kilekile.

Wewe lazima gari liwe limeshaanza kuzunguka kabla ya kona. Na cha kulizungusha ni uzito wake. Ukiachia mafuta ghafla na kugusa breki, uzito unahamia mbele, mkia unakuwa mwepesi. Siku ile kondoo ndiye aliyekufanyia kazi hiyo.

Fanya hivi. Kona iko kulia, sivyo? Kabla hujaifika, geuza usukani kidogo kushoto, kama unayeikwepa. Achia mafuta, gusa breki, papo hapo rudisha usukani kulia. Mwili wa gari utapepesuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kama mlevi anayesukumwa, na mkia utafuata. Ukihisi umetoka, ndipo ukanyage mafuta, tena kwa moyo, usibembeleze. Usukani usiugeuze kupita kiasi kuufuata mkia kama Gulled. Elekeza tairi za mbele unakotaka kwenda, basi. Zitakuvuta zikupeleke.

Handibreki usiivute. Gari lako limefungamanisha mbele na nyuma. Ukishika nyuma kwa nguvu huku injini inasukuma, mtambo wa katikati unaogawa nguvu utaumia.

Na ngoja mvua. Gari la aina yako kwenye lami kavu linang'ang'ania ardhi, linajiumiza lenyewe. Matope na murram ndiyo nyumbani kwake.

Niandikie upesi. Nimejikuta nalisubiri basi.

Mose


Magwagwa
11 Agosti 2024

Mjomba! Mjomba!

Salamu kwanza, nisionekane sikulelewa. Mama mzima, chai nzima, ng'ombe wa Ratemo amezaa mapacha na wote wanaishi, na Mzee sasa ananitambulisha kwa watu kama binti yake.

Nimeteleza! Kwa hiari yangu!

Ilinyesha Jumapili asubuhi, kiwanja kikawa kinang'aa. Mara ya kwanza niliachia mafuta nikachelewa kugeuza, gari likasinyaa tu likasimama. Mara ya pili nikaogopa, nikakanyaga mapema, nikaelekea tena kwenye zile nyasi. Mwenye nyasi alikuwa amesimama pale na panga, ananingoja.

Kisha ikaja. Kushoto kidogo, achia, gusa, kulia. Nilihisi mkia unaondoka kupitia kiti, Mjomba, kabla ya kuuona. Makalio yanajua kabla ya macho. Nikasubiri, kusubiri kule ndiko kugumu, halafu nikakanyaga. Magurudumu yote manne yakawa yanachimba kwa pamoja, gari limelala upande, linaenda mbele na kando kwa wakati mmoja, na usukani karibu umenyooka mikononi mwangu! Kimya ndani, kelele nje. Nikaizunguka tairi ya Gulled nikatokea upande wa pili nikitazama nilikotoka.

Watu wa Masimba wakatupanga mimi na yeye tushindane. Pale palipokauka, Gulled alinishinda waziwazi. Yeye anaweza kuzunguka mahali padogo kama meza, tena anaipunguza na kuiongeza pembe apendavyo. Mimi nahitaji kasi na nafasi, na nikishakanyaga nimeamua, hakuna kujadiliana. Lakini kwenye matope Mark II ilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, ikaishia inatazama nyuma, na mimi nikapita kando yake nikimpungia mkono. Mama yake, Dahabo, aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Gulled anasema hajawahi kumwona akisimama kwa sababu ya gari.

Nina mambo mawili. La kwanza, Gulled anakuja Naivasha kufuata matairi, atakuletea barua hii mwenyewe, na mkungu wa ndizi, na unga wa wimbi kutoka kwa mama. La pili, Desemba uje. Nataka uketi ndani ya gari hili. Na hujaniambia, siku hizi wewe unaendesha gari gani?

Nyanchera, Malkia wa Matope


Naivasha
29 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Hongera. Ndizi zimefika salama na unga pia. Mshukuru sana dada. Gulled ni kijana mwenye adabu.

Angalia upepo wa tairi zako. Zote nne ziwe na ukubwa mmoja na ziwe zimelika kwa usawa, kwa gari lako hilo ni la lazima, zikitofautiana mitambo ya katikati inachoka. Kwenye gari la kusukuma nyuma mtu anaweza kuweka tairi zilizoisha nyuma akafurahia, wewe usithubutu.

Desemba sitaweza. Kazi nyingi.

Mose


Magwagwa
22 Septemba 2024

Mjomba Mose,

Natumaini u mzima. Safari hii naliandika neno hilo nikiwa namaanisha kuuliza.

Gulled amerudi. Unamjua sasa: ni mtu anayeweza kukusimulia safari ya kwenda msalani ukakaa kusikiliza. Nilimuuliza, "Umemwona mjomba?" Akasema amekuona. "Anaendeleaje?" Akaanza kupanga matairi yaliyokwisha kupangwa.

"Gulled."

"Daktari, mimi nilipeleka ndizi. Nilichokiona si changu kukisema. Muulize mwenyewe."

Sikumlazimisha, kwa sababu macho yake hayakuwa ya utani.

Nikazitoa barua zako nikazisoma tena. Umenieleza teke la klachi kama mtu anayemsifu mpenzi aliyesafiri. Umeandika wanafunzi wako, umeandika kukaa kando ya uwanja. Hakuna mahali umeandika kwamba uliendesha. Na yule fundi wa simu, Mjomba, simwamini tena hata mimi.

Nini kimekupata?

Nyanchera


Magwagwa
3 Novemba 2024

Mjomba,

Dereva wa basi siku hizi ananitikisia kichwa, hana barua, kabla sijavuka barabara.

Kama nimekukosea kwa kuuliza, nisamehe, lakini siliondoi swali. Mama ameniuliza mbona siku hizi hakuna barua kutoka kwako. Nimemwambia hujajibu. Akasema, "Mwambie dada yake hajafa." Akaingia jikoni.

Mvua bado ipo. Sijaenda kiwanjani. Hakuna raha.

Nyanchera


Naivasha
17 Novemba 2024

Nyanchera,

Nimeianza barua hii mara nyingi kwa salamu nikakwama kwenye salamu. Nianze bila hizo.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa nimesimama kando ya uwanja nikirudisha koni zilizogongwa. Mwanafunzi wangu, Brandon, mtoto mzuri, mwenye mkono mwepesi kwenye usukani, alipiga klachi kama nilivyomfundisha, mkia ukamzidi, akashtuka akaachia mafuta. Gari la kusukuma nyuma ukiliachia ghafla likiwa limelala, linashika chini kwa ghafla na kukurusha upande wa pili. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili. Niliona linakuja. Nikaruka, nikaruka nusu.

Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Nina wa bandia, nautembelea vizuri, mtu asiyejua atadhani nimebanwa na kiatu. Brandon aliacha kuendesha. Nilimfuata nyumbani kwao nikiwa kwenye magongo nikamwambia arudi uwanjani, akarudi. Sasa ni bora kuliko wote.

Mimi ndiye sijarudi. Wamenibakisha kazini, nafundisha nikiwa nimekaa kwenye kiti, napiga kelele. Nilijaribu mara moja kuingia kwenye gari langu la zamani. Mguu ule haupigi teke. Unafika kwenye klachi umechelewa, na haujui umeikanyaga kiasi gani, kwa sababu hakuna unyayo wa kunieleza. Niliketi pale nimeshika usukani, injini ikazima. Nikatoka.

Dada Gladys alinisihi miaka yote niachane na magari. Simu yangu haijaharibika, Nyanchera. Iko hapa kabatini. Siwezi kuisikia sauti yake ikiniuliza kama nakula vizuri, nikamdanganya kwa mdomo. Kwa kalamu nimeweza kidogo.

Barua zako zilinifurahisha kuliko unavyojua. Nilipokuwa nakueleza ile kona nilikuwa naiendesha. Ndiyo sababu sikutaka ziishe, na ndiyo sababu sikukujibu: niliogopa ukijua utaacha kuniuliza habari za kona.

Usinionee huruma. Nimechoka nayo.

Mose


Magwagwa
1 Desemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Huku tu wazima. Nimelia, nimemaliza, tusiongelee.

Sasa tuongee kazi. Barua yako ilipofika niliisoma ndani ya gari pale Masimba, na nilipofika kwenye klachi nikaangalia chini. Kanyagio mbili tu. Mjomba, mguu wangu wa kushoto umekuwa ukifanya nini muda huu wote?

Nikaenda kiwanjani nikaukunja chini ya kiti nisiutumie. Nikaingia kwenye kona kama ulivyonifundisha: kushoto, achia, gusa, kulia, kanyaga. Mguu wa kulia ndio unaofanya kila kitu, kutoka mafuta hadi breki hadi mafuta. Gari likalala kama kawaida. Lakini mimi ndiye niliyeondoka! Mwili wote uliteleza kwenye kiti, nikajikuta naning'inia kwenye usukani kama nguo kwenye kamba. Kumbe mguu wa kushoto ulikuwa unanishikilia. Nilikuwa naukandamiza sakafuni kila kona bila kujua.

Nikamweleza Gulled. Mara hii alizungumza, mpaka nikamwomba apumzike. Amekata mpira wa ndani wa tairi la lori, ameujaza vitambaa, ameshona mto mnene unaofungwa kati ya nyonga na kile kisanduku cha katikati. Kiti tumekisogeza mbele na kukisimamisha zaidi. Goti la kushoto linaegemea, unyayo hauna kazi. Nimeteleza hivyo Jumapili mbili, kwenye matope na penye ukavu kidogo, mguu umekunjwa. Sikumbuki tena kuutafuta.

Gari la kusukuma nyuma linataka lichokozwe mfululizo, mguu huu na mguu ule. Hili la kwangu linataka uamue mara moja kabla ya kona, kisha uliamini. Uliliita gari la kwaya. Njoo ulione.

Mama sijamwambia. Hiyo ni kazi yako, na sitaifanya hata ukinibembeleza. Toa simu kabatini. Au usipige, uje tu, uingie mlangoni.

Mto unakungoja. Nimeutengeneza kwa vipimo vyangu, wewe u mwembamba, tutaongeza vitambaa.

Nyanchera


Naivasha
12 Januari 2025

Mpwa wangu Nyanchera,

Nimerudi salama kutoka kwenu. Huku vumbi lilelile, wanafunzi walewale, na kiti changu kando ya uwanja nimekikuta mtu amekikalia, nikamwachia.

Mengi uliyaona mwenyewe. Ulimwona dada Gladys akinitazama kuanzia kofia hadi viatu pale mlangoni, akaniletea maji ya kunawa na chakula, na hakuuliza hadi nilipomaliza sahani. Ulimsikia aliponifokea. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa juu ya magari. Hakuyataja magari. "Mwaka mzima na nusu!" alisema. "Mwaka mzima na nusu nimekuwa nikiombea simu!" Sijui kama uliona kwamba alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Ulikuwapo pia kiwanjani, ulikaa kando yangu, ulijua nilivyochelewa mara ya kwanza, na ya pili, na ulivyonifokea, "Achia kwanza! Achia!" kama ninavyowafokea watoto wa watu. Mkia ulipotoka nilipiga ukelele ambao nimeomba Gulled asiusimulie. Najua ameusimulia.

Lakini kuna jambo hukuliona, na ndilo ninaloandikia.

Ni ile siku kabla sijaondoka, ulipoitwa kwa ng'ombe ukaenda kwa bodaboda ukaniachia gari. Nilikuwa natoka kwenda Masimba. Dada akatoka nyumbani amevaa kitambaa chake cha kichwani, akafungua mlango wa mbele, akaketi, akafunga mkanda.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Unakoenda."

Tulifika kiwanjani, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, hapakuwa na mtu. Nilimwambia nitaendesha polepole tu aone mahali. Akasema, "Mose, sikupanda gari hili kuona kiwanja. Nataka kuona kitu kilichokula mguu wako ukakirudia."

Nilikaza mkanda wake, nikajiegemeza kwenye mto. Kushoto, achia, gusa, kulia. Gari likapepesuka likalala, nikakanyaga, yote manne yakashika, tukaizunguka ile tairi tukiwa tumelala upande. Dada hakupiga kelele. Alishika kishikio cha juu kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nadhani alikuwa akiomba. Nilipolisimamisha, matope yalikuwa yanateremka kwenye kioo, na sisi wawili tulikuwa tunapumua kama watu waliopanda mlima.

Kisha akanyoosha mkono akauweka juu ya mguu wangu wa bandia, pale chini ya goti, juu ya suruali. Tangu nifike alikuwa hajaugusa. Akaubonyeza polepole kama anayepima ndizi.

"Ni wa baridi," akasema. "Huwa wa baridi hivi siku zote?"

"Asubuhi ndiyo zaidi."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuondoa mkono. Tuliketi hivyo mpaka kioo kikafunikwa kabisa na ukungu wa pumzi zetu, ikabidi nikipanguse kwa kiwiko ili nione mbele.

"Haya," akasema, anajishika vizuri. "Sasa nizungushe kwa upande wa pili."

Mimi wako, dereva,
Mose